Mimi wa Kikole, lakini Kikole sigombei

Jana usiku chumbani kwetu kusoma kulitushinda, ukaibuka mjadala. Jamaa yangu mmoja, naye wa kusini kama mimi, anasema akimaliza digrii anasubiri uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029, anapanda basi, anachukua fomu ya uenyekiti wa kijiji. "Kwetu ni kwetu bwana!" Nikamwambia sheria inataka ugombee unapoishi, sio kitovu chako kilipozikwa.

Akanuna. Eti, kwani wewe si wa Kikole? Ndiyo, Kikole, Kilwa. Lakini Oktoba 2024, wenzangu walipojiandikisha tarehe 11 hadi 20, mimi nilikuwa mjini. Shamba la nani la ufuta limeliwa na nguruwe, kisima gani kimekauka, sikujua. Sasa nikagombee nini?

Na kwetu uenyekiti sio cheo cha kupigia picha. Kikole ina msitu wake wa kijiji. Mwaka 2009, pamoja na Kisangi ya huko huko Kilwa, tulikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mpingo ukiuzwa kihalali, hela ni ya kijiji. Mwenyekiti anayelala Dar atajuaje lori limepita saa nane usiku?

Ila niseme ukweli, neno "mkazi" lina utelezi. Mkulima anayehamia shambani miezi minne kulinda mazao, bado mkazi? Mama aliyeolewa hapo mwaka juzi je? Neno lisipokuwa na kipimo, mwenye nia mbaya analigeuza rungu la kumwondolea mpinzani wake. Mimi naona iandikwe wazi: miezi 12 ya kuishi hapo, kwenda shambani au hospitali kusihesabiwe kuhama. Na anayeweka pingamizi aje na daftari la wakazi, sio maneno ya kijiweni.

Halafu kuna kichekesho. Mwenyekiti wa kitongoji tunambana awe mkazi, lakini soma ibara ya 67 ya Katiba, sifa za mbunge: uraia, miaka 21, kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na kupendekezwa na chama. Ukazi haumo! Yaani wa kusuluhisha mpaka wa mashamba lazima aishi pale, wa kutunga sheria za nchi nzima anaweza kuja na begi lake wakati wa kampeni.

Jamaa akauliza, kwa hiyo sisi wasomi tusigombee? Tugombee sana! Ila turudi kwanza. Tulime, tufundishe watoto hata tuisheni, tukae kwenye mkutano mkuu wa kijiji, tukikosea tuzomewe. Mwaka ukiisha tukiwa bado tupo, hapo fomu tutaichukua bila aibu.

Jamaa mpaka sasa hajanijibu, kalala kageukia ukutani. Nyie mnasemaje? Nawasilisha.