Mkuu wa Shirika na Habari Mbaya

Mkuu wa shirika hupimwa kwa mambo mengi yaliyo rahisi kuonekana: shahada zake, ukubwa wa ofisi yake, ufasaha wake anaposoma taarifa mbele ya wageni. Kipimo kilicho muhimu kuliko hivyo vyote hakionekani kwa macho. Nacho ni hiki: habari mbaya humfikia baada ya muda gani, naye akishaipata huifanyia nini?

Historia ya Benki ya Taifa ya Biashara inatoa mfano ambao watumishi wa umma wanaufahamu, kwani wengi wao wamepanga foleni mbele ya madirisha yake. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki ya biashara ya kigeni yalitaifishwa. Ndugu Amon Nsekela, aliyetoka Hazina, akakabidhiwa uongozi wa benki mpya. Wageni wengi waliokuwa wameshika nafasi za juu waliondoka, na hawakukosekana waliotabiri kwamba milango ingefungwa. Haikufungwa. Wakati ule hatari ilikuwa wazi kwa kila mtu, kuanzia tarishi hadi mwenyekiti, na hatari iliyo wazi humsaidia kiongozi.

Ugumu ulikuja baadaye, hatari ilipoanza kujificha ndani ya vitabu vya hesabu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na kazi ya kununua mazao ikawa ya mamlaka za mazao. Fedha za ununuzi zilitoka benki. Msimu ulipokwisha deni halikulipwa lote, na msimu uliofuata mkopo mwingine ukatolewa juu yake, kwa sababu mkulima hawezi kuambiwa akae na pamba yake nyumbani. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwa taifa zima, na si haki kuwabebesha mameneja mzigo wote. Hata hivyo inafaa kutazama jinsi deni bovu linavyosafiri katika shirika kubwa. Karani wa tawini anajua kwamba halitalipwa. Meneja wake anaandika kuwa mazungumzo yanaendelea. Mkoani linaitwa deni lililochelewa. Makao Makuu linaorodheshwa miongoni mwa mali, na riba isiyolipwa inaongezwa juu yake na kuhesabiwa kuwa mapato. Hakuna aliyesema uongo mkubwa. Kila mmoja amelainisha neno moja tu.

Kwa nini wanalainisha? Mwongozo wa mwaka 1971, katika kile kifungu cha 15 kilichonukuliwa sana viwandani, ulikataza viongozi kuwa na majivuno na kudharau wengine. Wakubwa wengi walikisoma kama somo la adabu, nao wafanyakazi wakakisoma kama haki yao, hata kufikia mwaka 1973 wapo waliowafungia mameneja wao nje ya lango. Wachache walitambua kwamba kifungu kile kilihusu pia uzalishaji mali. Meneja anayemkaripia mhasibu aliyeleta hesabu ya hasara hataletewa hesabu hiyo mara ya pili. Ataletewa nyingine, yenye kupendeza. Walimu wanalijua jambo hili: mtoto aliyechekwa alipokosea hanyooshi mkono tena, na mwalimu hudhani somo limeeleweka.

Kusikiliza walio chini, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi. Mkuu wa shirika huteuliwa, na aliyeteuliwa ana wakubwa wake. Simu inapopigwa kutaka fedha zitoke kesho, lipo jibu jepesi la "ndiyo, mzee", na lipo jibu la barua inayoeleza kwa tarakimu kwamba mkopo huu hautarudi, kisha inaomba maagizo yatolewe kwa maandishi. Barua ya namna hiyo si ukaidi. Inampa mwenye mamlaka nafasi ya kuamua akijua gharama. Anayekaa kimya amemnyima mkubwa wake nafasi hiyo, halafu hujiita mtiifu.

Gharama ya ukimya ilikuja kulipwa. Mwaka 1991 iliundwa taasisi maalumu ya kufuatilia mikopo iliyoshindikana. Mwaka 1997 benki yenyewe iligawanywa, na mwaka 2000 hisa nyingi za sehemu iliyobaki na jina la zamani zikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini. Matawi mengi ya wilayani, ambayo wengi waliyaona kuwa mzigo, yalikwenda NMB. Leo NMB ni miongoni mwa mabenki yenye faida kubwa nchini. Ni kweli kwamba ilianza bila mzigo wa madeni ya zamani, na kwamba simu za kuamuru mikopo zilipungua. Lakini wateja ni walimu na wakulima walewale, katika miji midogo ileile.

Mikataba ya wakuu wa mashirika huletwa mbele ya bodi kila baada ya muda, na kwa kawaida wajumbe hupewa taarifa yenye picha za rangi. Ingefaa waitishe pia faili moja: barua ambazo mkuu huyo aliandika yeye mwenyewe kueleza hasara kabla mkaguzi hajaigundua, pamoja na tarehe zake. Kulisoma hakutachukua hata nusu saa.