Tahadhari: Kompyuta Iliyogoma Kuwaka Baada ya Kufungwa Kifaa Kipya Haijafa

Kama kompyuta yako ya mezani imefungwa kifaa kipya na sasa haiwaki, chomoa waya wake ukutani kwanza, ndipo uendelee kusoma. Usibonyeze tena kitufe cha kuwashia. Usiazime waya wa pawa saplai nyingine. Usimruhusu mtu afomati diski, hata akikuhakikishia kwamba hakuna njia nyingine.

Kompyuta inayogoma papo hapo baada ya kuguswa mara nyingi ina kasoro ndogo: ramu haijakaa sawasawa, plagi moja imesahaulika, prosesa haipatani na mazabodi, au mpangilio fulani umebadilika. Vifaa bado ni vizima na kazi zako bado zimo ndani ya diski. Hasara kubwa huja baada ya hapo, mwenye mashine au fundi anapoanza kujaribu hiki na kile kwa pupa. Muda si mrefu diski imeungua au imefutwa, na kasoro ya kurekebishwa kwa bisibisi imegeuka kuwa msiba wa ofisi nzima.

Kwa nini tahadhari hii ni ya sasa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, uwashaji wa UEFI, na kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Steshenari, shule, saccos na ofisi zetu nyingi zinategemea Dell OptiPlex na HP zilizokwisha kutumika ng'ambo, zikiwamo za kizazi cha 4, cha 6 na cha 7. Wenyewe hawana fedha ya kununua mpya, kwa hiyo wanafungua kava na kubadilisha walichoweza kukipata: prosesa, mazabodi, ramu, SSD.

Mtego wa kwanza uko kwenye soketi. Prosesa za kawaida za Intel za mezani za kizazi cha 6, 7, 8 na 9 hutumia soketi yenye jina lilelile, LGA1151. Ya kizazi cha 8 huingia kwenye mazabodi ya kizazi cha 7 bila kulazimishwa, ila mashine haitawaka, kwa kuwa Intel ilibadilisha kazi ya baadhi ya pini ilipotoa mazabodi za mfululizo wa 300 mwaka 2017. Aliyenunua prosesa hiyo anaona skrini nyeusi, anadhani umeme hautoshi, anakwenda kutafuta pawa saplai nyingine. Hapo ndipo anapoingia kwenye hatari yenyewe.

Hatari ya umeme

Geuza pawa saplai utazame mgongoni, karibu na tundu la waya wa umeme. Baadhi, hasa za bei nafuu na za zamani, zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230 hadi 240. Pawa saplai iliyotoka Marekani huweza kufika ikiwa imewekwa 115. Katika hali hiyo saketi yake huzidisha mara mbili umeme unaoingia, na kapasita mbili kubwa zilizotengenezwa kuvumilia volti 200 kila moja hupokea zaidi ya 300. Utasikia mlipuko, utaona moshi, na fyuzi itakuwa imekwenda na vingine. Telezesha swichi hadi 230 kabla waya haujagusa ukuta. Zisizo na swichi hiyo, soma lebo: ikiandikwa 100–240V, inajirekebisha yenyewe.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi kwa sababu haitoi dalili mapema. Pawa saplai nyingi za kisasa zina waya zinazochomoka pande zote mbili. Upande wa kompyuta umesanifishwa. Upande wa pawa saplai haukusanifishwa. Kila kampuni hupanga pini zake itakavyo, na hata kampuni moja hutofautisha toleo na toleo. Waya wa diski uliotoka kwenye pawa saplai nyingine unaweza kuingia kwa ulaini kabisa, kisha ukapeleka volti 12 mahali panapotakiwa volti 5. Diski zote zilizounganishwa kwenye waya huo huungua pamoja, na bakapu yako ikiwa mojawapo, imekwenda nayo. Usidhani utanunua ubao wa chini wa diski ya aina ileile ubadilishe uendelee, maana diski nyingi huhifadhi kwenye ubao huo vipimo vya diski hiyo peke yake. Ukibadilisha pawa saplai, badilisha na waya zake zote. Waya usiojua ulikotoka usiuunganishe.

Ya tatu ni plagi mbili zenye pini nane. Moja ni ya prosesa, nyingine ni ya kadi ya grafiki. Zinafanana machoni, lakini safu ya volti 12 ya moja ndiyo safu ya ethi ya nyingine. Maumbo ya pini yamekatwa tofauti makusudi ili zisiingiliane. Plagi ikikataa, imekataa kwa sababu. Usiisukume kwa nguvu.

Mashine za ofisi za Dell na HP zina tatizo lake. Nyingi hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24, zina plagi za kiwanda chao. Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na plagi yenye umbo la kawaida huku waya zimepangwa kivyake, na zikiunganishwa na pawa saplai ya dukani huweza kuunguza. Kwa mashine kama hizi tafuta pawa saplai ya modeli hiyohiyo kwa namba yake.

Na kamwe usifungue pawa saplai yenyewe. Kapasita zake huweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Hilo si suala la kompyuta tena, ni suala la maisha.

Hatari ya kupoteza kazi zako

Mashine ikiwaka lakini ikakataa kuingia kwenye Windows, wengi hukimbilia flashi ya kusakinisha upya. Subiri. Kusakinisha upya kunaweza kufuta kazi zako, na mara nyingi diski haina kosa lolote.

Ukiona msimbo INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE baada ya kubadilisha mazabodi au betri ya BIOS (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows), huenda mpangilio wa diski umerudi ulivyotoka kiwandani. Kompyuta iliyokuwa kwenye AHCI sasa iko kwenye RAID, au kinyume chake. Ingia kwenye BIOS, urudishe kama ulivyokuwa, na Windows itafunguka.

Ukiwasha UEFI na ulinzi wa Secure Boot kwa ajili ya Windows 11, diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR haitawasha mashine tena. Rudisha mpangilio wa awali, uingie, uchukue bakapu, kisha utumie programu ya mbr2gpt iliyomo ndani ya Windows 10 tangu mwaka 2017. Hiyo hubadilisha mtindo bila kufuta mafaili.

Ukipeleka diski kwenye kompyuta nyingine, Windows ikauliza kama unataka kuifomati ndipo uitumie, jibu ni hapana. Huenda diski imefungwa kwa mfumo ambao kompyuta hiyo haiuelewi, au ina hitilafu inayoweza kutibika.

Swali linalonitia hofu kuliko yote hutokea kwenye mazabodi za AMD baada ya kubadilisha prosesa. Skrini nyeusi inaonyesha maandishi meupe yanayosema prosesa mpya imegunduliwa, bonyeza Y kufuta kumbukumbu za fTPM (TPM iliyomo ndani ya prosesa), au N kuziacha. Chini yake pana onyo kwamba kama diski imefungwa kwa BitLocker, mfumo wa Windows wa kufunga data, ukifuta hutaingia bila ufunguo wa akiba. Watu wanabonyeza Y bila kusoma, kwa kuwa wanataka tu mashine iendelee. Ufunguo huo ni tarakimu 48. Usipokuwa nao, data imefungwa, wala hakuna fundi mtaani atakayeifungua. Tena usiseme wewe hukuwahi kuwasha BitLocker: Windows 11 inaweza kuifunga diski yenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na toleo la mwaka 2024 limepanua jambo hilo kwa kompyuta nyingi zaidi. Ukikutana na swali hilo, bonyeza N au zima, urudishe prosesa ya zamani, utafute ufunguo kwenye akaunti hiyo ya Microsoft, ndipo uendelee.

Namna salama ya kutafuta kosa

Umeme ukiwa umechomolewa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki itoke. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kifaa chochote. Kisha chomoa diski zote, waya wa umeme na wa data. Diski haihitajiki ili mashine ionyeshe picha ya kwanza, na ikiwa pembeni hakuna jaribio litakaloidhuru.

Pili, rudisha kifaa cha zamani kama kilivyokuwa. Mashine ikiwaka, umepata jibu: kifaa kipya ni kibovu au hakipatani na vingine. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, maana hutajua kipi kilichosababisha.

Isipowaka hata kwa vifaa vya zamani, kuna kilichoguswa njiani. Tazama dalili.

Hakuna feni inayozunguka: angalia swichi ya nyuma ya pawa saplai, plagi kubwa ya pini 24, na vijiwaya vyembamba vya kitufe cha mbele. Hivyo vikiwekwa pini moja pembeni, kitufe hakifanyi kazi.

Feni zinaanza na kuzima ndani ya sekunde moja, tena na tena: kata umeme mara moja. Huenda plagi ya prosesa haipo, au kuna shoti. Angalia skrubu iliyodondoka chini ya mazabodi, na vijiguzo vya shaba vinavyoibeba. Kimoja kikikaa pasipo na tundu la skrubu hugusa njia za umeme kwa nyuma.

Feni zinazunguka bila picha: toa ramu, bakiza moja, isukume mpaka vishikizo vibane vyenyewe. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, na pengo la katikati limewekwa tofauti ili kuzuia hilo. Kagua waya wa skrini. Ukifunga kadi ya grafiki, waya unahamia kwenye kadi. Ukiitoa kadi, kumbuka kwamba prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni na Ryzen nyingi za soketi ya AM4 zisizo na herufi G hazitoi picha zenyewe. Mashine mpya za DDR5 nazo huchukua dakika kadhaa mara ya kwanza zikipima ramu, skrini ikiwa nyeusi tupu. Ipe dakika 15 kabla ya kuizima.

Mazabodi nyingi za kisasa zina taa ndogo nne za prosesa, ramu, kadi ya grafiki na diski. Inayobaki imewaka ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia. Kama mashine ina spika ndogo, hesabu milio na uilinganishe na kitabu cha mazabodi hiyo, kwa sababu kila kampuni ina milio yake.

Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona alama nyeusi, au pini za soketi ya prosesa zimepinda, acha. Hapo anahitajika fundi mwenye vipimo, na kila jaribio la ziada linampunguzia nafasi ya kukusaidia.

Fanyeni haya leo

Wewe ambaye bado hujafungua kava, una bahati. Chukua bakapu kwenye diski ya nje na uichomoe. Andika kwenye karatasi ule ufunguo wa tarakimu 48, na usitishe BitLocker kwa muda kabla ya kugusa mazabodi, prosesa au BIOS. Piga picha kurasa za mipangilio ya BIOS na jinsi waya zilivyopita ndani ya kasha. Tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji orodha ya prosesa ambazo mazabodi yako inazikubali, na toleo la BIOS linalohitajika. Prosesa ya zamani ikiwa bado imo ndani, ndio wakati wa kusasisha BIOS.

Na nyinyi mafundi wetu, mnaopokea mashine hizi kila siku, nawaomba jambo moja. Mteja akileta kompyuta iliyogoma, itoeni diski mbele yake, muiandike jina lake, na msiiguse mpaka mashine iwe imewaka salama bila hiyo. Ramu, prosesa na pawa saplai vinauzwa dukani. Daftari la wanachama wa saccos na matokeo ya wanafunzi haviuzwi popote, na wenyewe wameviweka mikononi mwenu.