Jimi Hendrix na sauti ya bunduki: albamu ya konseri ambayo mtu wa Kivu anaielewa haraka

Jioni moja hapa Bukavu, umeme ulikuwa umerudi baada ya siku mbili, nikaweka muziki kwenye spika ndogo ya sebuleni. Dakika ya pili haijaisha, mama akatoka jikoni, mwiko bado mkononi. « Papa, zima kwanza. Wanapiga wapi? » Nikamwambia ni gitare. Aliangalia spika, akaangalia mlango, akauliza ni gitare gani inapiga masasi, kisha akarudi kwenye sufuria yake bila kungoja jibu.

Jibu nilikuwa nalo, ila ni refu.

Gitare ile ni ya Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Seattle mwaka wa 1942. Wimbo unaitwa « Machine Gun », yaani bunduki ya rashasha. Uko kwenye albamu Band of Gypsys, iliyorekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa Fillmore East, New York, tarehe 1 Januari 1970. Konseri zilikuwa nne: mbili usiku wa mwisho wa mwaka 1969, na mbili usiku uliofuata. Nyimbo zote sita za albamu zilichukuliwa katika usiku huo wa pili. Jukwaani walikuwa watu watatu tu, wote weusi: Hendrix, Billy Cox kwenye gitare ya besi, na Buddy Miles kwenye ngoma.

Maoni yangu ni haya: kati ya albamu za konseri za rock ambazo wazungu wanazisifu kila siku, hii ndiyo ambayo mkaaji wa Kivu anaweza kuielewa bila mwalimu. Najua wenzangu watanicheka. Kwetu gitare ni kitu cha kuchezesha watu. Sebene ikianza, viti vinasukumwa pembeni. Franco aliitwa mchawi wa gitare, na hakuna aliyejificha chini ya meza kwa sababu yake. Wengi wakisikia Hendrix wanasema ni makelele. Mimi nasema ni habari, tena habari iliyopangwa vizuri kuliko nyingi tunazoandika sisi waandishi.

Tuangalie siku zenyewe. Tarehe 1 Desemba 1969, mwezi mmoja mbele ya konseri, serikali ya Marekani ilifanya bahati nasibu ya kuchagua vijana watakaoingia jeshini. Waliweka tarehe zote 366 za kuzaliwa ndani ya chombo cha kioo, wakawa wanazitoa moja moja. Kijana ambaye tarehe yake ilitoka mapema alijua kwamba Vietnam inamngojea. Siku tatu baadaye, kabla ya kucha, polisi huko Chicago walimuua Fred Hampton ndani ya nyumba yake. Alikuwa kiongozi wa chama cha Black Panther, umri wake miaka 21. Basi vijana walioingia Fillmore East usiku ule, wengi walikuwa na namba zao kichwani.

Hendrix aliwatakia mwaka mwema. Kisha akasema wimbo unaofuata ni wa askari wote wanaopigana Chicago, Milwaukee na New York. Halafu akaongeza, kama mtu aliyekumbuka kitu njiani, na wale wote wanaopigana Vietnam. Angalieni mpangilio huo. Alianza na miji ya inchi yake mwenyewe. Mwanasiasa angehitaji hotuba ya saa nzima ili kusema kwamba vita viko nyumbani pia, na angeogopa kuisema.

Tena hakuwa mtu wa kusimuliwa habari za jeshi. Mwaka wa 1961, baada ya kukamatwa mara mbili ndani ya magari ya wizi, aliwekwa mbele ya njia mbili: jela au jeshi. Alichagua jeshi, akawa askari wa miamvuli katika divisheni ya 101, kwenye kambi ya Fort Campbell. Alitoka mwaka wa 1962 bila kwenda vitani. Huko kambini ndiko alikokutana na Billy Cox, yule yule wa besi. Kwa hiyo wawili kati ya watu watatu wa jukwaa lile walikuwa wamevaa uniforme na kubeba bunduki. Inasikika.

Wimbo unachukua zaidi ya dakika 12. Mwanzo wake ni wa polepole, karibu na huzuni, halafu Buddy Miles anapiga ngoma kwa mafungu mafupi, tatata, tatata, na gitare inapiga pamoja naye, mkono mmoja na mmoja. Hapo ndipo mama alipotoka jikoni. Chini ya mguu wa Hendrix kulikuwa na kifaa kinachoitwa Uni-Vibe, kinachofanya sauti izunguke, hata unadhani kuna kitu kinapita juu ya mapaa. Anaimba kidogo, anaisemesha bunduki yenyewe kama mtu anayesemesha adui. Halafu, karibu na dakika ya nne, anashika noti moja. Moja tu. Anaiacha ilie muda mrefu bila kuiachilia, na ngoma inaendelea chini yake. Noti ile si bunduki. Ni mtu. Nimeisikiliza mara nyingi, na kila mara najua ni mtu, ingawa siwezi kuwaambia ni mwanamke au ni mtoto.

Kuna swali ambalo nililiepuka kwanza, na ni mama aliyeniletea bila kujua: sisi tuliosikia masasi ya kweli, tunahitaji nini na masasi ya gitare? Mwaka wa 2004, wakati wa mapigano ya Bukavu, tulilala chini ya vitanda. Nilikuwa na umri wa kutosha wa kuhesabu. Nilikuwa nahesabu milio, kwa sababu kaka yangu alisema kwamba ukihesabu huogopi. Alinidanganya. Yule kijana wa New York alinunua tikiti ili asikie kitu ambacho mimi nilikisikia bure. Ni halali mtu aniambie kwamba nacheza na kidonda.

Lakini ninalinganisha na kile ambacho tunapewa mahali pake. Tangu utoto wangu nimesikia nyimbo za amani zisizohesabika. Zinatungwa kwa ajili ya semina, zinalipiwa na mashirika, zinapigwa kwenye redio wiki moja, watoto wanapiga makofi kwenye video. Kinanda ni kitamu, mwimbaji anatabasamu. Sitaki kuwatukana wanamuziki wetu; wanakula wapi kama hawakubali kazi hiyo? Ila ndani ya nyimbo hizo vita havina sauti. Vinatajwa tu, kama mvua iliyonyesha jana. Anayevifanya anaweza kuzisikiliza kwenye gari lake, akatikisa kichwa, akaendelea na safari. Sidhani kama anaweza kusikiliza « Machine Gun » hivyo. Hendrix hakumwambia mtu apende amani. Aliweka bunduki katikati ya chumba, akaweka kilio juu yake, na kilio ndicho kilichobaki kwa muda mrefu kuliko milio.

Kwa kweli, si albamu nzima ina uzito huo. Upande wa pili wa diski, nyimbo mbili ni za Buddy Miles, na ile ya mwisho inawaomba watu waimbe tena na tena mpaka unaangalia saa. Miles alikuwa mpiga ngoma wa nguvu, lakini hakujua wakati wa kunyamaza. Hendrix mwenyewe alisema baadaye kwamba hakuridhika na albamu hii.

Na tusisahau kwa nini ilitoka. Mwaka wa 1965, akiwa bado mpiga gitare asiyejulikana, Hendrix alitia sahihi mkataba wa miaka mitatu na mfanyabiashara mmoja wa New York, Ed Chalpin. Alipata dola moja na ahadi ya asilimia moja ya mauzo. Alipokuwa maarufu, karatasi ile ikafufuka, ikaenda mahakamani, na mapatano yakawa kwamba kampuni ya Capitol ipewe albamu moja. Konseri za Fillmore East zikawa njia ya kulipa deni hilo. Dola moja! Ninawajua wanamuziki wa hapa waliotia sahihi kwa chini ya hapo, kwa chupa mbili za bia na picha.

Bendi yenyewe haikudumu. Mwishoni mwa Januari 1970 ilikuwa imekwisha. Albamu ikatoka mwezi wa Machi, na Hendrix alikufa London tarehe 18 Septemba mwaka ule ule, na miaka 27. Ni albamu ya mwisho aliyoikubali kutoka akiwa hai. Tangu hapo zimetolewa rekodi nyingine za konseri zile, na mwaka wa 2019 zikakusanywa nyimbo 43 kutoka siku hizo mbili; anayetaka anaweza kulinganisha namna alivyobadilisha wimbo ule ule kutoka konseri moja hadi nyingine. Kwa mtu anayeanza, ile ya 1970 inatosha. Aanze na wimbo wa pili.

Mama aliniuliza tena siku chache baadaye, tukiwa tunachambua maharagwe, kama yule mtu wa gitare alikuwa amefiwa na nani vitani. Nilimwambia sijui kama alifiwa. Akasema: « Basi kuna mtu alimsimulia vizuri. » Hakuomba kuusikia tena, na mimi sikumwekea. Siku hizi nausikiliza peke yangu, telefone kwenye sikio, sauti chini.