Kipimo cha damu cha saratani ya matiti: Mama wa Mwese asubiri nini?

MAMA anayeishi Mwese, kata ya milimani iliyo magharibi ya mji wa Mpanda mkoani Katavi, akipapasa titi lake na kukuta uvimbe, safari iliyo mbele yake ni ndefu kuliko wengi wetu wa mijini tunavyofikiri.

Ataanzia zahanati au kituo cha afya, kisha ataelekea Mpanda, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ikithibitika kuwa anahitaji tiba ya mionzi, itambidi afunge safari hadi Bugando jijini Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, mji ulio zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Mpanda.

Wakati mama huyo akihesabu nauli, wanasayansi katika maabara za Marekani, Ulaya na Asia wanazungumzia jambo linaloonekana kama jibu la shida yake: kugundua saratani ya matiti kwa tone la damu, bila mashine kubwa za picha na bila kisu.

Msingi wa matumaini hayo ni vifuko vidogo mno viitwavyo eksosomu, ambavyo hutolewa na seli za mwili. Ukubwa wake ni kati ya nanomita 30 na 150, kiasi kwamba hadubini ya kawaida haiwezi kuvionyesha. Viligunduliwa mwaka 1983 na makundi mawili ya watafiti, moja la Canada na jingine la Marekani, waliokuwa wakichunguza seli changa za damu. Kwa muda mrefu vilidhaniwa kuwa ni mapipa ya taka ya seli tu.

Leo inafahamika kuwa vifuko hivyo hubeba protini na ujumbe wa kijenetiki kutoka seli moja hadi nyingine. Seli ya saratani nayo hutoa vya kwake, vikiwa na alama ya kule vilikotoka. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba aina ya protini zilizo juu ya vifuko hivyo husaidia kuamua saratani itasambaa kwenda mapafuni au kwenye ini.

Ndipo likazaliwa wazo la kuzisaka protini hizo katika damu. Mwaka 2016 watafiti wa Korea Kusini walitangaza kuwa protini iitwayo Del-1 ilikuwa nyingi katika vifuko vya wanawake wenye saratani ya matiti, hata waliokuwa katika hatua za mwanzo, na kwamba ilipungua baada ya uvimbe kuondolewa. Mwaka 2020 utafiti mwingine uliopima sampuli 426 za binadamu ulionyesha kuwa mkusanyiko wa protini hizo unaweza kutenganisha wenye saratani na wasio nayo.

Hata hivyo, historia ya vipimo hivi inatufundisha tahadhari. Mwaka 2015 protini nyingine, glipikani-1, ilitangazwa kwa kishindo kuwa inabainisha wagonjwa wote wa saratani ya kongosho waliopimwa. Watafiti wengine walipoirudia kazi hiyo hawakupata matokeo mazuri kiasi hicho. Sababu mojawapo ni kwamba kila maabara ina njia yake ya kuvichuja vifuko kutoka kwenye damu, na njia ikibadilika, majibu nayo hubadilika. Hadi sasa kipimo cha aina hii hakijawa sehemu ya uchunguzi wa kawaida wa saratani ya matiti.

Lakini tuchukulie kwamba kesho kipimo kinafika Mwese, kikiwa na uwezo wa kunasa wagonjwa 95 kati ya 100 na kuwapa majibu sahihi wazima 90 kati ya 100. Wapimwe wanawake 1,000, na watano kati yao wawe na saratani. Kipimo kitawanasa karibu wote watano. Kitawatia hofu pia wanawake wazima wapatao 100.

Wote hao zaidi ya 100 watahitaji uthibitisho, na uthibitisho wa saratani ya matiti hauna njia ya mkato. Ni lazima kipande cha nyama kitolewe kwenye titi kwa sindano, kikaguliwe na mtaalamu wa patholojia, kisha kipimwe iwapo kina vipokezi vya homoni au protini ya HER2, ili daktari ajue dawa ya kutoa. Kwa maneno mengine, kipimo cha damu hakiiondoi safari ya mama wa Mwese. Kinaongeza wasafiri.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Duniani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti na 670,000 walifariki. Nchini Tanzania, tathmini ya huduma za matiti iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kuwa takriban asilimia 80 ya wagonjwa hugundulika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Katika hatua hizo uvimbe hauhitaji tena kusakwa kwa nanomita; unaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Kinachokosekana ni mtu wa kuutambua mapema na njia ya kumfikisha mgonjwa kwenye tiba.

Utafiti uliofuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wa Uganda, Zambia, Nigeria na Namibia, na kuchapishwa mwaka 2020, ulikadiria kuwa asilimia 28 hadi 37 ya vifo katika mazingira kama hayo vingezuilika kwa kuwahi uchunguzi wa wenye dalili na kuboresha tiba. Nchini India, katika mitaa ya watu maskini ya Mumbai, watumishi wa afya ya msingi waliofundishwa kupima matiti kwa mikono walifuatiliwa kwa miaka 20. Vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30 miongoni mwa wanawake wa miaka 50 na zaidi.

Kwa walio chini ya umri huo faida ya vifo haikuonekana, na wanawake wengi wa Kiafrika huugua wakiwa bado vijana. Mkono pekee hautoshi, na hapo ndipo sayansi ya eksosomu inapostahili kuendelea kutafutiwa majibu, ikiwamo kwa damu ya wanawake wa Afrika Mashariki, siyo ya Wazungu na Waasia pekee.

Mwese si mahali pa kungoja kila kitu kutoka Dar es Salaam. Ni miongoni mwa vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata na kulipwa fedha za hewa ukaa. Fedha hizo zimesaidia vijiji hivyo kujenga majengo ya huduma za afya na madarasa. Majengo ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni muuguzi anayejua kupima titi, sindano ya kuchukulia kinyama, utaratibu wa kusafirisha sampuli hadi maabara, na nauli ya mgonjwa aliyepewa rufaa.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba mgonjwa apate majibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike kituoni mara ya kwanza. Lengo hilo halihitaji ugunduzi mpya. Linahitaji Wizara ya Afya, mkoa na halmashauri kuhesabu siku za kila mwanamke anayetoka Mwese na uvimbe, na kuona aibu zinapozidi 60.

Siku kipimo cha tone la damu kitakapokuwa tayari, kitakuta njia imekwisha kufyekwa. La sivyo, kitamwambia mama huyo mapema zaidi kwamba anaumwa, kisha kumwacha pale pale alipo.