Mtoto aliyefunga choo asisubirishwe kwa probiotiki

Biashara ya probiotiki, yaani bakteria hai wanaouzwa kwa matone, vidonge na unga kwa ahadi ya kuliweka sawa tumbo, imeingia katika malezi kwa kasi inayoupita ushahidi wake. Mzazi anayelalamika kwamba mwanawe hajapata choo siku ya nne au ya tano hushauriwa na muuzaji wa duka la dawa, au na simu iliyo mkononi mwake, ajaribu kichupa kimoja. Kisipofaa, ajaribu kingine chenye bakteria wa aina nyingi zaidi. Wiki hugeuka miezi. Fedha zinazoteketea si haba, lakini gazeti hili linatishwa zaidi na muda unaopotea.

Msimamo wa wataalamu haujafichwa. Mwaka 2014 vyama vya madaktari wa tumbo na lishe ya watoto vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini vilitoa mwongozo wa pamoja, na probiotiki hazikupendekezwa kutibu watoto waliofunga choo. Mwaka 2022 mapitio ya Cochrane yalikusanya tafiti 14 zilizohusisha watoto zaidi ya 1,100, yakaona kwamba ushahidi hautoshi kusema kama bidhaa hizo zinatibu au hazitibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofanyika Uholanzi na Poland, uliwapa baadhi ya watoto 159 maziwa yaliyochachushwa kwa bakteria maalumu, na wengine maziwa yasiyo na bakteria hao. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya maana kati yao. Hapo ndipo ushuhuda wa jirani unapozaliwa: mtoto angepata ahueni hata hivyo, lakini sifa zote hubebwa na kichupa.

Tunakubali kwamba sayansi haijafunga jalada. Bakteria hawa hawafanani, na huenda siku moja akapatikana anayefaa. Lakini afya ya mtoto haiwezi kuwekwa rehani ikisubiri utafiti ambao haujafanyika, na wala hatuna ugomvi na mtindi mezani; ni chakula chema, kiliwe kama chakula.

Kwa watoto walio wengi mno, kufunga choo hakutokani na uhaba wa bakteria. Huanza na choo kimoja kigumu kilichouma: pengine baada ya homa, pengine mtoto alipoanza vyakula vya kawaida, pengine katika siku zake za kwanza shuleni. Akiogopa, hujizuia. Hukaza makalio, husimama kwa ncha za vidole, hujificha nyuma ya kochi uso ukimwiva, na mzazi hudhani anasukuma, kumbe anabana. Kinyesi kinachokaa ndani huendelea kufyonzwa maji, kikazidi ukubwa na ugumu, na safari inayofuata huuma kuliko ya kwanza. Miezi ikipita, puru hulegea kama lastiki iliyovutwa mno na kupoteza hisia ya kujaa. Kisha kinyesi cha majimaji huanza kupenya kando ya donge na kuchafua nguo. Familia nyingine huona hilo ni kuharisha na kumpa dawa ya kuzuia, jambo linaloongeza madhara. Nyingine humwita mvivu. Mtoto wa miaka saba huchapwa nyumbani na kuchekwa darasani kwa jambo ambalo halihisi wala hana uwezo wa kulizuia.

Hiyo ndiyo gharama ya kusubiri. Mwongozo huohuo wa 2014 unaonyesha kwamba tiba ikichelewa zaidi ya miezi 3 tangu dalili zianze, tatizo hudumu zaidi. Watafiti wa Uholanzi waliowafuatilia watoto waliotibiwa na mabingwa walikuta takribani robo yao bado wanasumbuka walipofikia utu uzima. Donge la kinyesi hubana pia kibofu, na kwa baadhi huleta kukojoa kitandani na maambukizi ya mara kwa mara ya njia ya mkojo.

Wapo pia wachache ambao kwao kuchelewa ni suala la uhai. Mtoto mchanga asiyepata choo cha kwanza ndani ya saa 48, mwenye tumbo lililojaa na anayetapika nyongo, huenda ana ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo sehemu ya utumbo haina seli za neva za kuusukuma. Huyo anahitaji daktari wa upasuaji. Kwa watoto njiti probiotiki zenyewe zinaweza kudhuru: mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kifo cha njiti aliyepewa bidhaa ya aina hiyo.

Tiba inayofahamika ipo, ila haina mvuto wa tangazo. Donge hutolewa kwanza, kwa siku chache, kwa unga wa makrogoli. Kisha dawa ya kulainisha choo, yaani makrogoli au, isipopatikana, dawa ya maji ya laktulosi, huendelea kila siku kwa miezi isiyopungua miwili, na hupunguzwa polepole baada ya mtoto kukaa mwezi mzima bila dalili. Wazazi wengi huikatisha mapema kwa hofu kwamba utumbo utaizoea, na tatizo hurudi. Mtoto akalishwe chooni baada ya mlo, miguu ikiwa na pa kukanyaga, bila fimbo wala matusi. Kipande cha sabuni na bomba la majani yaliyochemshwa viachwe. Humwongezea mtoto woga uleule unaomfanya ajizuie.

Kwa hiyo tunasema wazi: probiotiki zisiuzwe nchini kama tiba ya watoto waliofunga choo. Tangu mwaka 2019, masuala ya chakula yalipohamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na dawa kubaki Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), bidhaa inayojiita kirutubisho lakini inatangazwa kwa maneno ya dawa imepata mwanya wa kupita katikati ya taasisi hizo mbili. Zikae pamoja ziuzibe. Baraza la Famasi liwatake wauzaji waulize umri wa mtoto na muda wa tatizo kabla ya kufungua kabati, na mwenye dalili za zaidi ya mwezi aelekezwe kituo cha afya. Wizara ya Afya nayo ihakikishe kwamba akifika huko, laktulosi haimkosi.

Shule hazichomoki katika lawama hii. Kiwango cha taifa ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na shule nyingi za umma ziko mbali nacho. Mtoto anayekuta choo kichafu, kisicho na maji wala mlango, hubana tangu asubuhi hadi arudi nyumbani. Kujenga matundu yaliyopungua kutahitaji fedha na muda, na halmashauri ziyape nafasi katika bajeti ijayo. Kumruhusu mwanafunzi atoke darasani anapobanwa hakuhitaji bajeti, na walimu wakuu wanaweza kuliagiza hilo Jumatatu hii.