Begi Dogo Siyo Ufukara: Staa Unayepaa Dubai, Hii Inakuhusu

Wadau waliokuwa stendi ya Chimala siku ile wanaijua hii stori. Binti mmoja, jina kapuni, mwenye wafuasi kibao Instagram, alikuja nyumbani kuaga kabla ya kupaa Dubai. Safari yenyewe ya siku nne tu. Mabegi? Matatu! Moja la nguo, moja la mawigi na michuchumio, na la tatu lilikuwa la "watu". Humo kulikuwa na mchele wa mama wa jirani, dagaa za mtu mwingine, na kifurushi kilichozungushiwa selotepu kuanzia juu mpaka chini. Aliyekileta alisema tu, "Mwanangu, ni kazawadi ka mdogo wako yuko kule, ukifika atakupigia." Binti akajibu, "Sawa mama, usijali." Konda akasukumia kwenye buti, picha zikapigwa, komenti zikamiminika. "Staa kweli huyu!"

Sawa, pongezi zake. Ila hapo penye sifa ndo penye shida.

Siku hizi begi kubwa limegeuzwa cheti cha ustaa. Ukionekana na kibegi kimoja mgongoni, watu wanaanza: kafulia huyo, safari ya kuungaunga hiyo. Matokeo yake mtu anahamisha kabati zima kwa safari ya siku nne. Anabeba koti zito la kupigia picha, wakati Dubai mwezi wa saba joto linapita nyuzi 40. Koti linakwenda, linarudi, halijavaliwa hata mara moja.

Na mzigo hausafiri wenyewe. Kutoka Chimala unapanda basi mpaka Mbezi, stendi ya Magufuli. Pale unagombania bajaji au teksi mpaka uwanja wa ndege. Ukifika, mzani unakusubiri. Mashirika mengi tiketi ya kawaida inakupa kilo 23 hivi za begi kubwa na kilo 7 za mkononi. Ukizidisha, unalipa. Mastaa wangapi wameonekana wamechuchumaa sakafuni mbele ya kaunta, begi limefunguliwa, nguo za ndani nje, wanahamisha viatu huku foleni nzima inaangalia? Hiyo picha huwa haipostiwi.

Wazee wa Chimala hili walishalijua zamani. Muulize mama yeyote aliyewahi kupanda kwa mguu kona 57 za kwenda Matamba. Atakwambia kwamba bondeni kila kitu ni cha muhimu, ila ukifika kona ya kumi unaanza kujua kipi kingebaki nyumbani. Waulize pia wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Dubai na Guangzhou. Wengi wanaondoka na begi tupu, kwa sababu wanajua faida iko kwenye kurudi. Hao ndo wazoefu wa kusafiri, na huwaoni wakipiga picha na mabegi.

Mashabiki watasema, "Muache bana, picha ndo kazi yake." Kweli, sura na nguo ndo ofisi yake. Lakini suruali mbili, blauzi tatu, kigauni kimoja cha usiku, kitenge kimoja kizuri, raba miguuni na mchuchumio mmoja kwenye begi, hapo siku nne zinaisha na kila picha ina muonekano wake. Vipodozi vya maji vya mkononi visizidi chupa za mililita 100. Dawa iende na cheti cha daktari, maana kule hata dawa ya kikohozi yenye kodeini inaweza kukuletea kesi. Vyote hivyo vinaingia kwenye begi moja ambalo mtu anaweza kulibeba mwenyewe.

Tena faida kubwa ya begi dogo siyo hata kilo. Begi dogo linakupa jibu. "Mama, samahani, begi limejaa, hakuna pa kuweka." Hujamvunjia mtu heshima, hujamwita mtu mwizi. Begi kubwa lenye nafasi halina jibu. Kila mtu analiona, na kila mtu ana kakitu ka kutuma.

Na haka kakitu ndo kanakomaliza watu. Julai 2013 mabinti wawili wa Kitanzania walikamatwa uwanja wa OR Tambo, Johannesburg. Mmoja alikuwa staa wa kwenye video za Bongo Fleva, ameshatangulia mbele za haki, jina liachwe lipumzike. Watu wawili, mabegi makubwa sita, ndani kemikali za kutengenezea dawa za kulevya. Mmoja alitozwa faini, mwenzake akaachiwa, lakini kila aliyekuwa na simu wakati ule anakumbuka zile picha. Mwaka huohuo padri anayehudumia wafungwa Hong Kong, John Wotherspoon, alianza kusambaza barua za wafungwa wa kule, Watanzania wakiwemo, wakiwaonya wenzao wa nyumbani wasikubali kubeba. Wapo waliojua walichobeba, na wapo wanaosema hawakujua. Mbwa wa uwanja wa ndege hana habari na hilo. Begi lina jina lako, basi ni lako.

Hakuna anayesema kile kifurushi cha Chimala kilikuwa na ubaya. Huenda ni kanga mbili na karanga. Tatizo ni kwamba binti hakujua, na aliona aibu kuuliza. Kumbe kuuliza ni rahisi: "Mama, naomba nikifungue mbele yako nikipange vizuri kisivunjike." Mwenye nia njema atakusaidia kutafuta kisu cha kukatia selotepu. Akianza kununa au kujiumauma, kibaki Chimala.

Binti alirudi salama, mashallah, na anaendelea kupendeza. Safari ijayo apakie kwa mkono wake, kisha alinyanyue begi mwenyewe na kuzunguka nalo nyumba mara moja. Akishindwa, apunguze. Wanaosifia mabegi matatu kwenye komenti hawatakuwepo siku atakapoulizwa, "Hili begi ulipanga mwenyewe?"

Haya wadau, nani kashawahi kupewa kifurushi cha selotepu? Funguka hapo chini.