Ritifaa Iliyopotea Njiani

Katika mihadhara ya uakifishaji, ritifaa aghalabu hutengewa dakika mbili, baada ya nukta, mkato na nuktapacha. Mwanafunzi huambiwa kwamba alama hiyo hukaa katika ng'ombe na ng'ara, na kwamba washairi huitumia kudondosha silabi ili mizani itimie. Kisha somo huendelea. Ni uchache wa heshima ambao sasa unagharimu watu fedha.

Zipo siku hizi programu zinazomwezesha asiye mhandisi kuunda mtiririko wa kazi kwa kuunganisha visanduku kwa mistari kwenye skrini. Node-RED, iliyoanzia IBM mwaka 2013, na n8n, iliyotolewa mwaka 2019, ni mifano. Mchoro huo ukinakiliwa, kinachobebwa si picha bali ni matini: maneno yaliyozungukwa na mabano na alama za mtajo zilizonyooka. Anayepokea huibandika matini hiyo kwenye programu yake, na visanduku hujitokeza upya.

Chukulia mwanafunzi wa Rongai, kaunti ya Nakuru, kwenye nchi ya mahindi na maziwa, ameunda mtiririko wa kuwapelekea wafugaji ujumbe: Pelekeni ng'ombe joshoni Alhamisi. Mwenzake wa Njoro auomba. Msimbo hupitishwa kwanza katika Word ili siku ya josho ibadilishwe, na sentensi nzima huchapwa upya pamoja na alama zake. Word, kwa kupenda kwake urembo, huzipinda alama za mtajo. Mtambo huzitambua zilizonyooka tu. Mwenzake abandika, na hakitokei kisanduku hata kimoja.

Hilo ni kosa jema, kwa kuwa linaonekana. Ritifaa yenyewe ina hila zaidi. Katika JavaScript, lugha itumikayo ndani ya visanduku hivyo, matini yaweza kufungwa kwa alama moja moja; basi ritifaa ya ng'ombe ikiwa imenyooka, mtambo hudhani matini imeishia kwenye "ng". Ikipindwa, kosa hilo hutoweka na jingine huzaliwa. Mfugaji aliyejibu "ng'ombe" kwa simu yake, kwa alama iliyonyooka, hafanani tena na ng'ombe wa kwenye msimbo, naye huachwa nje ya orodha kimyakimya.

Kuna na gharama. Alfabeti ya msingi ya ujumbe mfupi wa simu inayo ritifaa iliyonyooka, haina iliyopinda. Ikiingia moja tu iliyopinda, nafasi za ujumbe mmoja hushuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa ukihesabiwa mmoja huwa mitatu, isipokuwa anayeusafirisha airekebishe alama hiyo njiani. Wafugaji watalipa mara tatu, na hakuna atakayeshuku ng'ombe.

Baadhi watasema: iandikwe "ngombe", kama wengi wafanyavyo katika simu. Jawabu hilo ni jepesi mno. Ng'oa si ngoa. La kwanza hutenda kazi kwenye kisiki, la pili ni tamaa na wivu. Hapo ritifaa si pambo la sentensi kama alama ya hisi, bali ni sehemu ya tahajia, sawa na h katika sh. Wengine watasema haya ni ya wahandisi. Lakini mhandisi hawezi kuamua ritifaa ya Kiswahili ni ipi kati ya alama hizo zinazofanana machoni na kutofautiana mtamboni. Vitabu vingi huchapwa kwa iliyopinda, baobonye nyingi hutoa iliyonyooka, na ni nadra suala hili kufikishwa mbele ya wanaisimu. Idara za Kiswahili hazina budi kulitolea kauli, na sababu za kuchagua iliyonyooka katika matini za kompyuta zina uzito.

Kwa sasa, yule wa Njoro na atumiwe faili yenyewe ya mtiririko, isiyopitia Word. Siku ya josho aibadilishe ndani ya kisanduku, na ng'ombe wake amfunge kwa alama mbili mbili.